Pazia Lililoshuka Mapema

Mliniacha mlangoni kwangu, nimeshika soksi moja ya mume wangu, polisi wakimpeleka na mguu mtupu ndani ya kiatu. Soksi ile bado ninayo. Nimeifua, nimeikunja, na sijui niiweke wapi.

Kwa aliyenikuta leo: naitwa Edith Raine, Edie kwa wanaonipenda na kwa wasionipenda pia. Mume wangu Cuthbert, Cuddy, mchimba makaa wa hapa Kelbeck, amewekwa gereza la Durham akingoja kesi ya kumuua Ralph Nattrass, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Ralph alikutwa kwenye kibanda chake cha bustanini, kule chini nyuma ya reli, siku ile ile ya maonyesho ya vitunguu liki, mashindano makubwa ya mwaka hapa kwetu, kichwa kimepasuliwa kwa koleo. Na koleo lilikuwa la Cuddy.

Maneno ya Cuddy nani hakuyasikia? Mtu alikuwa ameingia bustanini kwetu akazifyeka liki zake zote, zile alizozilea tangu majira ya baridi kama anayelea kichanga. Jioni ya kuamkia maonyesho Cuddy akamnyooshea Ralph kidole pale klabuni kwa wachimba makaa, mbele ya wanaume wote.

"Ulivyozikata zile, na wewe nitakukata vivyo hivyo!"

Wa mbali atacheka. Hapa kwetu mtu akikutukania mama mtagombana, na Krismasi mtanywa pamoja. Akikugusia liki, hamtanywa tena.

Mimi niliwaapia polisi kuwa Cuddy alilala ubavuni kwangu mpaka kukakucha. Niliapa kwa sababu nilipofumbua macho alikuwa amesimama pale kitandani, kikombe cha chai mkononi, ameniletea. Niambieni, muuaji gani anamletea mkewe chai kitandani?

Katika ndoa yetu yote alikuwa amefanya hivyo mara moja tu, asubuhi tuliyomzika Lottie, binti yetu.

Basi, wiki hii nilikwenda kumwona gerezani.

Walituweka kwenye meza ndefu, yeye kule, mimi huku, askari wa gereza katikati anajikuna shingo. Cuddy alikuwa mtu wa mabega. Sasa koti lilimning'inia tu.

"Umekonda, Edie," akasema.

"Mimi? Jitazame wewe kwanza! Wanakulisha nini humu?"

"Supu ya liki." Akacheka peke yake. "Maji yamepita karibu na liki, hayakusimama hata kusalimia."

Nilitaka kucheka. Nikalia. Askari akageuza uso ukutani, Mungu ambariki.

"Usilie, kipenzi. Mama hajambo?"

"Mama yako yuko kwangu tangu wiki iliyopita. Amehama na kiti chake. Anakaa dirishani, kila anayepita anamwambia mwanawe hana kosa. Juzi amemwambia hata muuza samaki. Mtu wa watu, hata Kelbeck haishi."

"Ndilo ninalotaka kukuambia." Akajisogeza mbele. "Niahidi kitu."

"Siahidi kitu nisichokijua."

"Unamjua mama. Siku ya hukumu, jaji hajakohoa, atakuwa ameshateremsha pazia la mbele. Usimwache. Sitaki mtaa unizike nikiwa hai. Pazia langu lishuke nikishakufa, Edie. Lisitangulie."

Nikafungua mdomo nimwahidi. Sikumwahidi.

Kwa sababu pale pale, mbele ya askari anayejikuna, nililiona pazia. Si letu. La Dorcas.

Dorcas ni mke wa Ralph. Ni mjane wake, niseme sasa. Na ni shoga yangu kuliko mtu yeyote chini ya jua hili dogo tunalopata.

Asubuhi ile ya maonyesho wanawake wote wa mtaa walikuwa klabuni kukata mikate na kupanga vikombe. Mimi sikwenda. Niende kufanya nini, kutandika meza ya kuwekea liki za waume wa wenzangu? Nilipiga magoti nikasugua kizingiti cha mlango wangu, nikakipaka jiwe jeupe la kung'arishia, hasira zote zimehamia mkononi. Nikainua kichwa kujifuta jasho. Ng'ambo, pazia la sebule ya mbele ya Dorcas lilikuwa chini.

Macho yaliona. Akili ilikuwa bustanini kwenye liki zilizokatwa. Nikainama nikaendelea kusugua.

Mnajua wenyewe sebule ya mbele. Haikaliwi. Pazia lake haliteremshwi kwa usingizi wala kwa jua, hata kwa homa. Linateremshwa kwa maiti tu.

Na Ralph alikuja kukutwa mchana, klabu ilipomtuma mtu amfuate yeye na liki zake. Habari ilipofika mtaani, kila nyumba ikateremsha pazia, kama ilivyo heshima. Mtaa mzima ukiwa giza, nani atakumbuka lipi lilitangulia?

"Cuddy," nikasema, "pazia la Dorcas lilitangulia."

"Pazia gani?"

Nikamweleza, maneno yananikimbia mdomoni, nusu nacheka nusu nalia. "Alijua, Cuddy! Alijua mumewe amekufa kabla mtu yeyote hajajua! Huoni? Umepona! Mume wangu, umepona!"

Nilidhani atanishika mikono. Hakunishika. Uso ulimpauka mpaka midomo ikawa na rangi ya jivu.

"Nyamaza, Edie."

"Ninyamaze?"

"Umemwambia nani?"

"Nani? Nimekumbuka sasa hivi, na wewe ndiye wa kwanza!"

"Basi na niwe wa mwisho. Achana na Dorcas. Nakuomba, kwa roho ya Lottie, usimguse Dorcas."

Nilimtolea macho. Huyu ni mtu anayengoja kitanzi. Nimemletea shingo yake mkononi, naye ananisukumia.

"Unanyongwa wewe," nikasema polepole, "na unayemhurumia ni Dorcas?"

"Nimesema umwache!" Akapiga meza kwa kiganja.

"Raine," askari akasema, "inatosha. Inuka."

Aliinuka. Alipofika mlangoni aligeuka akanitazama, na macho yale nimeyafikiria sana tangu siku hiyo. Wakati ule niliyasoma vibaya. Mtu mwenye wivu anasoma anachotaka.

Maana wivu ulikuwa umeshanikaa, wasomaji wangu. Niliingia kwenye treni ya kurudi Kelbeck nikiwa mke, nikashuka nikiwa nyoka.

Njia nzima nilikuwa napanga. Nani alimtengenezea Dorcas geti lake lilipong'oka? Cuddy. Nani alimfumia Cuddy skafu ya kijivu, eti sufu ilibaki? Dorcas. Ralph alipompiga mkewe mpaka akashindwa kufumbua jicho, nani aliyevuka barabara kwenda kumgongea mlango kwa ngumi? Cuddy huyo huyo, na mimi mjinga nikasimama dirishani nikijivuna: tazameni mume wangu.

Yale yale niliyokuwa nayasifu sasa yalinichoma. Nikajiambia: wamemuua Ralph, wawili hawa. Au amemuua yeye, na mume wangu yuko tayari kunyongwa badala yake. Kwa ajili ya mwanamke mwingine anakwenda kwenye kitanzi, na mimi ananiagiza habari za pazia.

Jamani, nilikuwa na safari nzima ya treni ya kufikiri, na sikufikiri hata kidogo.

Sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kituo cha polisi.

Inspekta Lowther alikuwepo. Ni yule wa kutoka kusini niliyewaambia, mwenye mafua yasiyokwisha na adabu nyingi. Alikuwa bado hapa anakusanya maneno ya mashahidi kabla ya kesi. Pembeni alikaa Sajenti Pickering, mtu wa kwetu, aliyesoma darasa moja na Cuddy, anakunywa chai.

"Bibi Raine," inspekta akasema, akijifuta pua. "Karibu ukae. Nasikitika kama umekuja tena kuhusu ile chai ya kitandani."

"Sikuja kwa chai. Nimekuja kwa pazia."

Nikamweleza. Akanisikiliza kwa adabu, kichwa upande.

"Labda jua lilimsumbua," akasema.

"Jua? Kelbeck?"

"Au labda alikuwa bado amelala, mama."

Hapo nilisikia kikombe kikiwekwa mezani. Pickering alikuwa amekiweka chini taratibu sana, na uso wake haukuwa ule wa dakika moja iliyopita.

"Pazia la sebule ya mbele, Edie?" akaniuliza. "Una hakika? La mbele?"

"Nilikuwa nimepiga magoti, natazamana nalo."

"Na watu hawajakwenda bado bustanini kumfuata Ralph?"

"Wanawake walikuwa bado wanapaka mikate siagi."

Pickering akamgeukia mkubwa wake. "Bwana, kwetu mke hateremshi lile pazia mpaka awe na maiti. Na akiwa na maiti, hawezi kuliacha juu. Hawezi kabisa. Hata kama anataka kuficha, mkono utakwenda wenyewe."

Inspekta akaacha kujifuta pua. Akachukua kofia yake, akairudisha mezani, akaketi tena.

"Kwa nini hukulisema hili mapema, Bibi Raine?"

"Sikulikumbuka mpaka leo."

"Mumeo anajua umekuja hapa?"

"Mume wangu," nikasema, na nilivyolisema neno lile nilitaka kumtemea mtu, "amenikataza nisije."

Wakatazamana, yeye na Pickering. Hapo ndipo ningepaswa kuogopa. Sikuogopa. Nilikuwa na furaha chungu, mkinielewa, ile ya mtu anayevunja sahani zake mwenyewe.

"Nitapiga simu Durham kwanza," inspekta akasema. "Kisha tutakwenda kuzungumza na Bibi Nattrass. Wewe nenda nyumbani. Usiseme naye neno."

"Siendi kwake mimi. Nikafanye nini?"

Nilitoka pale, nikapanda kilima, nikapita mlango wangu, nikamwona mama mkwe dirishani akinipungia mkono, nikavuka barabara.

Dorcas alikuwa jikoni anakanda unga, mikono myeupe mpaka viwikoni. Mkate mmoja ulikuwa umeshaiva, umefunikwa kitambaa cha buluu. Ule ulikuwa wangu. Tangu Cuddy akamatwe alikuwa akinioka mkate na kunivushia barabarani mchana kweupe, mjane wa marehemu akimlisha mke wa mshitakiwa. Mtaa mzima ulisema hana haya. Alijibu kwamba haya haijazi tumbo.

"Umerudi!" akasema. "Cuddy hajambo? Kaa, nikuwekee maji ya chai. Mbona uso umekuwa hivyo?"

"Mmeanza lini?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Wewe na Cuddy. Mmeanza lini?"

Akanitazama. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na raha. "Mimi na Cuddy? Edie! Nimeshamaliza wanaume mimi. Ralph alinitosha, na akabaki."

"Usinichezee! Pazia lako lilikuwa chini asubuhi ile. Nililiona kwa macho yangu. Hakuna aliyekuwa amemkuta bado, na wewe ulikuwa umeshaomboleza!"

Mikono ikasimama ndani ya unga.

"Uliona," akasema.

"Niliona! Ulimuua, na mume wangu anakufa kwa ajili yako, na unaniletea mikate!"

Hakukana. Alikwangua unga vidoleni, kimoja kimoja, akaketi.

"Sikuweza kuliacha juu," akasema. "Nilijaribu. Nilijiambia, Dorcas, liache, watu watajua. Nikarudi jikoni. Nikashindwa kukaa. Edie, yule mtu aliniumiza miaka yote. Unajua wewe, wewe ndiye uliyekuwa ukinipaka dawa. Lakini alikuwa amelala kule chini kwenye udongo, na mimi ni mkewe. Nikamwacha hata pazia hana?"

"Kwa hiyo ulimwona."

"Nilimwona."

"Ulimuua."

"Sikumuua mimi."

"Basi nani?"

Birika lilianza kuchemka na hakuna aliyeinuka kuliondoa.

"Edie, nenda nyumbani," akasema. "Chukua mkate wako uende. Nakuomba."

Na yeye tena, nakuomba. Siku ile kila mtu alikuwa ananiomba ninyamaze, na hakuna aliyenipa sababu. Nikauchukua ule mkate, na kitambaa chake cha buluu, nikautupa ukutani.

Mkate wa watu. Mpaka leo naona aibu.

Dorcas alikwenda akauokota. Akaupangusa. Akauweka mezani, kisha akasema bila kunitazama:

"Nani alimwosha Lottie?"

Nikashika mgongo wa kiti.

"Nani, Edie? Wewe ulikuwa sakafuni, Cuddy ameshika ukuta. Watu wanaogopa dondakoo, hakuna aliyevuka kizingiti chenu. Nani alimwosha, akamvika gauni lile la njano, akamfunga nywele?"

"Wewe."

"Na nani alikuwa wa kwanza mtaani kuteremsha pazia lake kwa ajili ya mtoto wako, Ralph anafoka sebule imekuwa kaburi?"

"Wewe, Dorcas."

"Basi ukae chini. Kama lazima ujue, utalisikia umekaa."

Nikakaa.

"Ralph alilala kibandani kulinda liki zake," akasema. "Unajua wanavyofanya. Kulipopambazuka nikampelekea chai kwenye kopo. Nikashuka njia ya nyuma ya reli, umande mpaka magotini. Nilipofika getini, mlango wa kibanda ukafunguka, na mtu akatoka."

Nilijua. Nawaambia ukweli, nilijua kabla hajataja jina. Nilijua kwa sababu ya kikombe cha chai.

"Alikuwa Cuddy," akasema Dorcas. "Ana damu hapa, na hapa. Nikamsukuma kando nikaingia, nikamwona Ralph. Nikatoka. Cuddy alikuwa amesimama pale pale kati ya liki, anatetemeka kama amevuliwa nguo."

"Alimkuta!" nikapiga kelele. "Alimkuta amekufa! Alikwenda kumkabili, akamkuta hivyo!"

"Labda."

"Alisema? Alikuambia alimkuta?"

"Hakusema alimkuta. Hakusema amemuua. Nilimuuliza, Cuddy, umefanya nini, nikamtikisa kwa kola. Alisema kitu kimoja tu, Edie. Alisema: Usimwambie Edie."

Birika lilikuwa linapiga mluzi. Dorcas akainuka akaliondoa motoni.

Nilikuwa nakiona kikombe. Nyumbani tuna kikombe kimoja chenye ua lililofutika, ndicho alichoniletea. Aliketi kitandani akanitazama nikinywa mpaka mwisho. Nikamuuliza leo kuna nini. Akasema, hakuna, mke wangu, nimekutazama tu umelala nikakuonea huruma. Nywele zake zilikuwa mbichi. Nilidhani amenawa.

"Nikarudi nyumbani," Dorcas akaendelea, "nikateremsha pazia, nikakaa gizani nikingoja wamkute. Polisi wakaja wakaniuliza nimeona nani. Nikasema sikuona mtu. Wakaniapisha, nikaapa. Kwa kiapo changu hawana shahidi, Edie. Wana koleo, na koleo mtu yeyote angeweza kulichukua. Wana maneno ya klabuni, na klabuni kila mtu huropoka. Wakili wa Cuddy mwenyewe aliniambia: asipotokea mtu wa kusema alimwona Cuddy pale bustanini, huenda wakamwachia."

"Na Cuddy anajua umekaa kimya."

"Anajua. Ndiyo maana amenyamaza na yeye. Tumekuwa tukikushika, mimi huku na yeye kule, usianguke."

Sasa niliyaelewa macho yale ya mlangoni gerezani. Hakuwa anamlinda Dorcas.

"Ralph alikuwa mume wako," nikasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Na ulinyamaza."

"Ralph nimemteremshia pazia. Ndicho nilichokuwa nacho cha kumpa." Akaanza kukusanya makombo mezani kwa kiganja. "Wewe nisingeweza kukuteremshia la pili. Lile la Lottie lilitosha. Kwa hiyo lile pazia langu, Edie, shoga yangu, lile la asubuhi, ulilisahau ukalisahau vizuri. Lisahau tena. Kama hujamwambia mtu, hakuna aliyeharibikiwa."

Nikafungua mdomo.

"Hujamwambia mtu," akasema. Halikuwa swali alipolianza. Alipolimaliza lilikuwa swali.

Kulikuwa na saa ukutani mwa Dorcas, ya Ralph, aliyopewa na klabu kwa ushindi wa liki. Niliitazama saa ile kwa sababu sikuweza kumtazama yeye.

"Edie. Umemwambia nani?"

"Nilidhani wewe na yeye..." nikasema. "Alinikataza, nikadhani... Dorcas, nilidhani mnaninyang'anya."

"Nani, Edie?"

"Lowther. Na Pickering alikuwepo."

Hakunipiga. Ningefurahi angenipiga. Alikwenda kwenye beseni akanawa mikono, akaikausha, akavua aproni, akaitundika msumarini. Akajitazama kwenye kioo kidogo cha Ralph cha kunyolea ndevu, akabana nywele.

"Watakuja saa ngapi?"

"Alisema anapiga simu Durham kwanza."

Nje, mama mkwe alikuwa anamwita mtu kwa sauti yake ya kufurahi, ile anayotumia anapomwambia muuza samaki. "Bwana Pickering! Habari za mwanangu? Mmempata mwenye kosa?" Kisha nikasikia viatu kwenye mawe ya barabara, jozi mbili, na mtu akipiga chafya.

"Sasa wameshajua kwamba nilijua," Dorcas akasema kwa haraka, kwa sauti ya chini. "Siwezi kusema tena sikuona kitu. Nimebaki na mambo mawili tu ya kuwaambia. Niseme nilimwona Cuddy, wamnyonge. Au niseme nilimuua mume wangu kwa jinsi alivyokuwa akinipiga, na watanisadiki, maana mtaa mzima ulikuwa ukinisikia nikilia. Mimi sina mtoto wala mume. Naweza kulisema lolote."

"Dorcas, usi..."

"Usiniambie usi. Wewe ndiye uliyewaita." Hapo sauti yake ilivunjika kwa mara ya kwanza. "Niambie la kusema. Nilimwosha mtoto wako, Edie. Angalau hilo uniambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Mlango ukagongwa.

"Bibi Nattrass?" Ilikuwa sauti ya Pickering, ya upole, sauti ya misibani. "Dorcas? Tufungulie, mama."

Dorcas hakwenda kufungua. Alisimama katikati ya jiko na nywele zake zimebanwa vizuri, ananitazama mimi, anangoja jibu.